Mashine Ilisema Mia Saba

Siku baiskeli ya mazoezi ilipoingizwa sebuleni, meza ya kulia ilisukumwa hadi ukutani na viti viwili vikahamia uani. Ilikuwa nyeusi, nzito, imechubuka kidogo kwenye kiti, na gurudumu lake lilikuwa moja tu, la mbele, lililofichwa ndani ya bati. Jirani wa mlango wa pili aliitazama akauliza kama gurudumu la nyuma linaletwa kesho. Waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Bwana Gramu hakucheka. Alikuwa ametoa mshahara wa mwezi na nusu kuinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na tayari alishaanza kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta, kile kile anachofutia mawe yake ya mizani.

Jina la Gramu alipewa na wenye maduka. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani, na alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Alikuwa akizunguka na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, anaingia dukani, anapima mara tatu, na mizani ikipungukiwa hata kidogo, anaifunga. Umlilie, umsujudie, umtajie watoto wako wote kwa majina, ng'o! Walimwita Gramu kwa kumkejeli, naye akalipokea jina lile kama nishani.

"Haya, panda," alimwambia mkewe.

Mkewe, mpishi wa shule ya msingi, alivua kandambili, akamshika mumewe begani na kupanda. Kiti kikalia. Kwenye kochi, binti yao wa miaka kumi na tisa alikuwa amejilaza chini ya shuka, miguu imevimba. Yeye walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwa amefunga mdomo mpaka maradhi yalipomfunga.

"Mama, usiende mbali sana," Chiriku alisema. "Urudi kabla ya chakula."

Hapo hata Gramu alicheka, na mkewe akacheka mpaka akashindwa kukanyaga pedali.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Figo za Chiriku zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na mishipa ya mkono wake ilikuwa imeanza kukataa sindano. Baba alipimwa, hakufaa. Mama alipimwa, akafaa kwa kila kitu isipokuwa uzito. Alikuwa na kilo tisini na sita. Daktari alisema wazi kwamba hampasui mtoaji aliyezidi themanini na nne. Timu ya madaktari wa kupandikiza figo ilikuja mara moja kila baada ya miezi minane, na orodha ya watoaji ilifungwa siku kumi kabla hawajafika. Mama alikuwa na miezi minne.

Mwanzoni alijaribu kutembea barabarani asubuhi. Siku nne mfululizo watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakipiga kelele kwamba lori la mchanga linapita, watu wapishe. Siku ya tano alirudi analia, akasema haendi tena, hata kama ni kwa ajili ya Chiriku. Kisha akalia zaidi kwa kulisema hilo. Ndipo Gramu alipokwenda kutafuta baiskeli.

*

Kila siku saa kumi na moja jioni, akishatoka jikoni shuleni, mama alipanda. Gramu alivuta kigoda, akakaa karibu na kioo cha mashine, daftari gotini. Kioo kilionyesha dakika, mwendo na kalori. Wiki ya kwanza saa nzima ilitoa kalori mia tatu na kitu. Mama alishuka fulana imelowa chapachapa, miguu ikimtetemeka, na mumewe akaandika nambari hiyo kwa mwandiko mzuri, tarehe kushoto, kalori kulia.

Wiki ya tatu goti lake la kulia lilivimba. Akawa anakanyaga huku ameuma midomo, bila kusema neno. Gramu aliona. Huyu mtu ambaye wenye maduka waliapa hana moyo, alishindwa kumtazama mkewe akiumia. Chini ya usukani palikuwa na kishikio cha kukaza na kulegeza breki ya gurudumu. Alikizungusha kushoto, akakizungusha tena, mpaka pedali zikawa nyepesi.

"Sasa je?"

"Eh! Sasa kama nakanyaga hewa." Uso wake ulikunjuka. "Ahsante, baba Chiriku."

Miguu ikawa inakwenda kasi. Na kalori nazo! Siku hiyo zilifika mia tano. Wiki iliyofuata mia sita. Kabla mwezi haujaisha, kioo kilionyesha mia saba na kumi na mbili, na Gramu alisimama na daftari lake mkononi akaita kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Mia saba! Mama Chiriku, unajua wewe ni mtu wa ajabu?"

Mtaalamu wa lishe wa hospitali alikuwa amewapa karatasi ya vyakula: wali kiasi hiki, maharage kiasi hiki, mkate vipande viwili. Gramu aliifuata karatasi ile kwa wiki nne bila kukosea kijiko. Lakini mia saba zilimtia hofu. Aliona mkewe anachoma kuliko anavyokula, na alijua kwamba mtoaji akiishiwa damu wangemkataa pia. Basi akaanza kumrudishia. Mashine ikisema mia saba, alimwongezea sahani ya mia nne: mayai mawili, kijiko kikubwa cha wali, kipande cha mkate chenye siagi.

"Sisikii njaa," mkewe alisema.

"Kula. Umeshaichoma."

"Mbona siku hizi jasho halinitoki?"

"Mwili umezoea."

Mama alikula kidogo, akaweka kijiko. "Na sketi ya kazini? Bado inanibana pale pale."

"Sketi si kipimo," Gramu alisema, kwa sauti ile ile anayowasemea wenye maduka. "Kitambaa kinavutika, kikifuliwa kinasinyaa. Huwezi kusimama mbele ya mtu useme sketi imeniambia. Nambari ndiyo hiyo hapo."

Akamwonyesha daftari. Mkewe hakuwa amesoma sana, na mumewe alikuwa mtu wa serikali mwenye mawe ya shaba. Akachukua kijiko.

Msije mkadhani hapakuwa na njia nyingine ya kujua. Ilikuwepo. Dada yake Gramu, shangazi wa Chiriku, aliwaletea zawadi ya mizani ndogo ya kukanyagia. Gramu aliiweka sakafuni, akaipakia jiwe la kilo ishirini. Ikasoma ishirini na moja na nusu. Akaipakia tena, ikasoma ishirini na nusu. Mara ya tatu ishirini na mbili. Uso ukamkunjamana.

"Kifaa cha uongo hakikai nyumbani kwangu," alisema, na siku hiyo hiyo akampa mwokota vyuma.

Alimwambia mkewe waende ofisini kwake, kwenye mizani kubwa ya ghala, ambayo aliiamini kuliko saa yake. Mama alikataa katakata. Asimame pale kwenye bamba la chuma, wapagazi na makarani wakimtazama, mumewe akisoma kilo zake?

"Kwani mimi gunia?"

Gramu hakumlazimisha. Kwa nini amwaibishe bure, na nambari anazo? Katika sanduku lake alikuwa na mawe ya kupimia kilo, kopo la kupimia lita na utepe wa kupimia mita. Cha kupimia kalori hakuwa nacho. Mizani zote za mji alizishuku, lakini kile kioo hakuwa na namna ya kukishuku, basi akakiamini.

*

Jumatatu ya kupimwa, mama alivaa gauni jepesi kuliko yote, akavua hereni, akavua pete ya ndoa akampa mumewe ashike. Chumba cha kupimia hakikuwa na pazia. Watu wapatao kumi na watano walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Muuguzi mmoja alisoma mizani kwa sauti, mwingine akaandika akiwa upande wa pili wa chumba.

"Tisini na nne nukta moja!" aliita muuguzi.

"Tisini na ngapi?"

"Na nne nukta moja. Haya mama, shuka, anayefuata."

Mama hakushuka. Alikuwa anamtazama mumewe, naye Gramu alikuwa amebaki mdomo wazi. Kwa hesabu ya daftari alikuwa anatakiwa awe na themanini na mbili.

"Samahani, dada," Gramu alisema. "Naomba niione mizani."

Akapiga magoti. Alitafuta muhuri wa ukaguzi, akaukuta, na ulikuwa wa mwaka huo, umegongwa na mwenzake wa ofisini. Hilo halikumtosha. Alikuwa amekuja na sanduku lake kwa tahadhari, akalifungua pale sakafuni mbele za watu, akaweka jiwe la kilo kumi. Ikasoma kumi. Akaongeza la kilo tano. Kumi na tano. Kwenye benchi mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu bwana anatafuta kilo za mkewe zilikokwenda," na baadhi ya watu wakacheka chini chini. Gramu alipima mara tatu. Mara zote ilikuwa sawasawa.

Daktari aliwapokea wakiwa wamesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Kilo mbili kwa miezi minne, mama."

"Daktari, mimi nimefanya kila kitu," mama alisema. "Kila siku. Muulize huyu."

"Ana rekodi," Gramu alisema, akatoa daftari. "Kila siku mia saba. Mia saba na hamsini siku nyingine."

Daktari alipekua kurasa mbili, akalirudisha. "Baba, mimi siwezi kumpasua mtu kwa daftari. Kwa uzito huu nikimpa usingizi anaweza asiamke. Nikimpoteza mtoaji, nimeua mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake."

"Na binti yetu?"

"Ataendelea kusafishwa. Timu itarudi baada ya miezi minane." Akafunga faili. "Mishipa yake siwaahidi. Tutajitahidi."

Wakarudi nyumbani. Gramu alikuwa ameisahau pete mfukoni.

*

Shangazi alikuwa ameshika zamu ya kukaa na Chiriku. Aliposikia habari alijipiga paja.

"Kilo mbili? Loo! Hata mimi ninayekaa tu nimepungua zaidi."

"Wifi, nimefanya mazoezi," mama alisema.

"Sikatai, wifi yangu. Mazoezi umefanya, tumekuona. Ila tuseme ukweli, huko jikoni shuleni nani anakuona? Sufuria za watoto mia nne, na wewe peke yako na mwiko. Mdomo ni mdomo."

"Naapa kwa Mungu sijala."

"Basi figo ya mtoto imekwenda kwa upepo."

Chiriku alikuwa macho, kwenye kochi. Hakulia. Alimtazama mama yake kutoka miguuni hadi kifuani, kwa utaratibu, kama mtu anayemwona mara ya kwanza, kisha akageukia ukutani.

"Kesho nitakwenda hospitali na shangazi," alisema.

"Mwanangu."

"Nitakwenda na shangazi, mama."

Walipobaki wawili chumbani kwao, Gramu alikaa kitandani akavua viatu, kimoja, kingine, akavipanga. Ndipo akauliza. Aliuliza kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angefoka.

"Kweli hukula kitu? Hata kidogo? Sema tu, sitakasirika."

Mama alimgeukia. "Hata wewe?"

"Nauliza tu. Nambari hazikosei zenyewe, lazima kuna kitu kimeingia."

Mama akajifunika shuka mpaka kichwani.

*

Asubuhi ya Jumanne nyumba ilikuwa tupu. Chiriku alikuwa ameondoka na shangazi yake, mama alikuwa jikoni shuleni. Gramu aliomba ruhusa kazini. Alitaka kuipima ile mashine, na tusimfichie aibu yake: alitaka kuipima ili apate ushahidi dhidi ya mkewe. Kama mashine ni ya kweli, basi mama amekula. Hakujua angeipimaje kwa mawe, ila njia ya kazi yake aliijua, kwamba kitu hupimwa mara tatu, kwa hali tatu.

Mara ya kwanza alikaza breki mpaka mwisho, akapanda, akakanyaga dakika kumi kwa mwendo ambao kioo kilisema ni wa kilomita ishirini kwa saa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na kitambi cha mtu wa kuzunguka madukani. Dakika ya sita alidhani moyo utampasuka. Alishuka anahema, shati limemganda mgongoni, akasoma kalori: themanini na moja.

Alipumzika, akafuta jasho. Mara ya pili alilegeza breki kama alivyomlegezea mkewe. Dakika kumi, mwendo ule ule. Hakuhema. Angeweza kusoma gazeti. Akasoma kioo: themanini na moja.

Alikaa akaitazama nambari ile. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kando ya mashine, akashika pedali kwa mkono, akaizungusha. Alizungusha akitazama mwendo usipande wala kushuka, dakika moja, mbili, tano, kama mtu anayesaga unga. Mkono ulipochoka akabadilisha. Juu ya kiti hapakuwa na mtu. Dakika ya kumi kioo kilionyesha themanini na moja.

Alifungua bati kwa bisibisi. Ndani palikuwa na gurudumu lenye sumaku ndogo ubavuni, na waya mwembamba uliopanda hadi kwenye kioo. Kila sumaku ikipita, kioo kinahesabu mzunguko mmoja na kuugeuza kuwa kalori. Hakikujua nani amepanda. Hakikujua breki imekazwa au imelegezwa, mtu ana kilo arobaini au mia, anatokwa jasho au anazungushiwa kwa mkono na mume aliyekaa kwenye kigoda. Kilihesabu mizunguko, basi.

Kila mia saba aliyoiandika, nusu au zaidi haikuwepo. Na kila siku, kwa miezi mitatu, alikuwa ameichukua hiyo isiyokuwepo akaigeuza mayai na wali na siagi, akamwekea mkewe mbele, akamwambia kula.

"Mimi ndiye," alisema kwa sauti, mle ndani peke yake. "Lahaula. Ni mimi."

*

Alikusudia kusema. Aliwasubiri wote warudi, akakaa kitini, maneno ameyapanga. Shangazi akaingia amemshika Chiriku mkono, na nyuma yao mama akaingia kutoka kazini, kapu mkononi. Mama alimnyooshea bintiye mkono amsaidie kuketi. Chiriku akauzunguka ule mkono na kuketi mwenyewe.

"Muuguzi leo amemchoma mara tano kabla ya kupata mshipa," shangazi alisema. "Tano! Kuna watu wakila wakumbuke hilo."

"Wifi, inatosha," mama alisema.

"Kaka, nakosea? Wewe ndiye mtu wa vipimo. Mtu akichoma mia saba kila siku halafu asipungue, anakuwa amefanya nini? Sema wewe."

Wote watatu wakamtazama. Ilikuwa nafasi yake. Gramu alifungua kinywa, akawaona wale wenye maduka wote aliowafungia, akaisikia habari ikizunguka soko zima: Gramu kadanganywa na baiskeli, Gramu kamnenepesha mkewe kwa daftari. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akajiambia kwamba kusema hakutarudisha kilo wala figo.

"Tuyaache hayo," alisema.

Mama aliinamisha kichwa. Kwake yeye, hiyo ilikuwa hukumu.

Jumatano alipanda baiskeli saa mbili nzima. Gramu alimwambia apumzike, akakataa. Baadaye alikuja kukaa karibu na mumewe uani, akasema kwa sauti ndogo:

"Nimefikiri. Labda ni kuonja."

"Kuonja nini?"

"Kazini. Kila siku naonja sufuria tatu, nijue chumvi. Kijiko kimoja, vijiko viwili. Sikukuhesabia, kwa sababu sikuona kama ni kula." Machozi yalimdondoka mapajani. "Labda ndicho kilichoingia. Labda kwa vijiko vile nimemuua mwanangu, baba Chiriku."

Na hapo pia alinyamaza! Ni kweli alimshika mkono. Alimwambia, "Usiseme hivyo." Lakini alichokijua hakukitoa.

Alhamisi mama alipika bila kuonja. Maharage ya watoto mia nne yakawa ya chumvi tupu, yakamwagwa, na mwalimu mkuu akamwita mbele ya foleni ya watoto wenye sahani akamuuliza kama ulimi wake umekatwa. Aliyasimulia hayo nyumbani kwa ufupi, akiwa juu ya baiskeli, na kalori zikipanda.

*

Ijumaa Gramu ndiye aliyempeleka Chiriku. Mama alifuata nyuma, kwa sababu alitaka kumwomba daktari amwandike kwenye orodha ijayo, lakini chumbani hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje na sweta la bintiye mapajani.

Chiriku alilala mkono umenyooshwa, damu ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Alikuwa amepungua sana. Yeye ndiye aliyepungua, si mama yake.

"Shangazi angekuja," alisema. "Wewe una kazi."

"Chiriku, mama yako hakula chochote."

Akafumba macho. "Baba, usimtetee."

"Simtetei. Nimeipima ile baiskeli."

Alimweleza yote. Breki, sumaku, ule mkono wake mwenyewe ukizungusha pedali. Alimweleza na mayai. Hakupunguza kitu. Binti alisikiliza bila kufumbua macho, ila machozi yalikuwa yanamtiririka kuingia masikioni na hakuyafuta.

"Kwa hiyo alikuwa hataki kula," Chiriku alisema mwishowe.

"Alikuwa hataki."

"Na ukamlazimisha."

"Nilimlazimisha."

Mashine ya damu iliendelea kunguruma.

"Mama amesema nini ulipomwambia?"

Gramu aligeuza macho mlangoni.

Chiriku akafumbua macho. "Hujamwambia? Baba! Mama bado anadhani ni yeye?"

"Nilikuwa…"

"Nenda umwambie. Nenda sasa hivi, baba, yuko hapo nje!" Alijaribu kuinuka, mashine ikapiga kelele, muuguzi akaja mbio. "Na mwambie aje. Mwambie Chiriku anamwita."

Alitoka. Mkewe alisimama upesi alipomwona, akidhani kuna jambo limempata mtoto.

"Hapana, hajambo. Keti."

Hakuketi. Basi alimwambia wakiwa wamesimama, watu wakipita katikati yao na viti vya magurudumu. Alipofika kwenye sumaku, mama aliinua mkono.

"Kwa hiyo si kuonja."

"Si kuonja. Hukukosea kitu. Ni mashine, na ni mimi."

Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ulilegea. Kwa muda ilionekana kama atamsamehe hapo hapo. Kisha akauliza:

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii."

Alisimama akifikiri. "Jumanne wifi aliponisema, ulikuwa unajua. Jumatano nimekulilia pale uani kwamba nimeua mtoto, ulikuwa unajua. Ukanishika na mkono."

"Niliona haya."

"Uliona haya." Hakupaza sauti. "Mimi niitwe mlafi, mtoto wangu anikwepe, nisimamishwe mbele ya watoto wa shule. Wewe uone haya."

Daktari alikuwa anapita na mafaili kwapani. Mama alimwacha mumewe pale pale akamfuata.

"Daktari, nimekuja uniandike. Miezi minane."

"Mama, nilikwambia, siwezi kuahidi kama yeye atafika."

"Niandike tu."

Daktari akatoa kalamu, akaandika. Gramu alisogea, uso umejaa majuto, mikono haijui pa kukaa.

"Tutaanza upya," alisema. "Nitanunua mizani ya kweli. Nitakupimia kila wiki, nitaandika…"

"Usinihesabie tena," mkewe alisema. "Kitu chochote. Mpaka nife."

Akachukua sweta, akaingia kwa Chiriku. Gramu alitaka kumfuata, lakini muuguzi alimzuia mlangoni akamwambia jamaa anayeruhusiwa ni mmoja tu kwa kila mgonjwa. Kupitia kioo cha mlango aliona mkono wa bintiye, ule usio na mirija, ukinyooshwa na kushikwa. Akarudi kwenye benchi akakaa, na hakuna aliyetoka kumwita.